Insha ya Hoja: Kutumia Tena Vitu vya Nyumbani

Soma swali hili kabla ya kuendelea:

*"Kutumia tena vitu vikuukuu nyumbani ni dalili ya umaskini." Jadili kauli hii kwa kutoa hoja nne.*

Maswali ya mazingira huwaponza watahiniwa kwa sababu yanaonekana rahisi. Mtahiniwa anaanza, "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu," kisha anaorodhesha: tupande miti, tusitupe taka ovyo, serikali itoe elimu. Hayo ni maagizo, na msahihishaji ameyasoma tangu asubuhi. Swali linataka hoja, yaani dai lenye sababu, na mfano unaoonyesha jinsi jambo lenyewe linavyotendeka.

Swali hili lina uzito mwingine. Nilipokuwa kidato cha pili, mama alinishonea begi kwa viroba vya unga. Wenzangu walicheka, nami nikawa nalificha chini ya dawati. Begi lile lilinifikisha kidato cha nne, wakati mabegi ya dukani ya baadhi ya waliocheka yalikatika mikanda mapema. Huenda nawe umewahi kuona haya kama hiyo. Ndiyo maana mifano ya insha hii iko karibu nawe: iko jikoni kwenu, uani na mtaani.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili utaweza:
- kutofautisha kupunguza, kutumia tena na kurejeleza;
- kueleza mifano mitano ya kutumia tena vitu vya nyumbani na jinsi inavyofanya kazi;
- kubainisha vitu visivyofaa kutumiwa tena;
- kuandika insha ya hoja yenye utangulizi, kiini na hitimisho.

1. Maneno yanayochanganywa

*Kupunguza* ni kutumia kidogo au kutonunua kabisa kile usichokihitaji. Ukienda sokoni na kapu lako, umepunguza idadi ya mifuko inayoingia nyumbani.

*Kutumia tena* ni kukipa kitu kazi ileile au kazi nyingine bila kukiyeyusha wala kukisaga. Chupa ya soda ya kioo inayorudi kiwandani kwenye kreti, ikaoshwa na kujazwa upya, imetumiwa tena. Kopo la maziwa linalokuwa kibatari nalo limetumiwa tena.

*Kurejeleza* ni kukivunja kitu na kukifanya malighafi ya kitu kingine. Vyuma chakavu vinavyonunuliwa mtaani kwa kilo huyeyushwa, na nondo ni mojawapo ya vitu vinavyotokana navyo.

Kipimo chake ni hiki: kama kitu kimeyeyushwa, kimesagwa au kimepondwa ili kiwe malighafi, kimerejelezwa. Kama umbo au kitambaa chake bado kinafanya kazi, kimetumiwa tena.

Mfano mmoja unabeba yote mawili. Mwaka 2018, huko Lamu, Kenya, mafundi walikamilisha jahazi dogo liitwalo Flipflopi. Plastiki kadiri ya tani 10 ziliyeyushwa zikawa mbao na nguzo za jahazi. Huko ni kurejeleza. Kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni na kwingineko zilitumika kulipamba kwa nje. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar.

2. Ngazi ya utunzaji

Wataalamu hupanga hatua za kushughulikia taka kama ngazi. Ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na kuendelea:

1. Kupunguza
2. Kutumia tena
3. Kurejeleza
4. Kutupa mahali palipotengwa

Kwa nini kutumia tena kuko juu ya kurejeleza? Kurejeleza kunahitaji gari la kukusanya, kiwanda, umeme au moto, na mara nyingi maji mengi ya kuoshea. Kutumia tena kunahitaji mikono, kisu, sindano au kamba. Mtahiniwa anayeeleza *kwa nini* hatua moja iko juu ya nyingine ameonyesha uelewa, na yule anayeitaja ngazi tu ameonyesha kumbukumbu.

3. Mifano mitano ya kutumia katika insha

Jifunze kila mfano kwa mambo manne: kitu, kazi mpya, jinsi kinavyofanya kazi, na kile kinachookolewa.

*(a) Dumu kuwa kibuyu chirizi.* Dumu la lita 3 au 5 hutobolewa tundu dogo ubavuni, karibu na shingo, kisha huning'inizwa kwenye mti wa kulala. Kamba hufungwa shingoni mwa dumu na kushushwa hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Kipande cha sabuni hutundikwa pembeni. Mkono haugusi dumu, kwa hiyo uchafu wa mtu mmoja haumfikii mwingine. Maji pia hutumika kidogo kuliko ya kumiminiwa kwa kopo.

*(b) Gunia kuwa bustani.* Gunia kuukuu hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati huwekwa mawe madogo, yakipangwa kama nguzo kutoka chini hadi juu. Nguzo hiyo hupitisha maji ili yafike chini, maana bila hiyo juu hulowa na chini hubaki pakavu. Miche ya sukuma wiki au mchicha hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Familia iliyopanga chumba kimoja mjini hupata mboga bila kuwa na shamba.

*(c) Kanga na kapu kuwa hifadhi ya joto.* Kapu kuukuu hutandikwa ndani kwa nguo na kanga zilizochakaa, zikashindiliwa pande zote. Sufuria ya wali iliyokwisha kuchemka hufunikwa, huwekwa ndani, kisha hufunikwa kwa mto wa nguo. Nguo hizo hunasa hewa, na hewa iliyonaswa huzuia joto lisitoke. Wali huendelea kuiva bila moto. Kinachookolewa ni mkaa, na nyuma ya mkaa, miti.

*(d) Tairi kuwa katambuga.* Fundi hukata tairi lililokwisha kuwa soli na mikanda. Kiatu hicho huvumilia miiba na mawe. Mpira wa ndani wa tairi nao hukatwa vipande virefu vya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Huu ni mfano mzuri wa hoja ya ajira.

*(e) Maganda kuwa mboji.* Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani makavu hurundikwa shimoni, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite. Baada ya miezi michache huwa mboji ya kurutubisha lile gunia la mfano (b). Ukiunganisha mifano miwili namna hii, insha yako inashikamana.

4. Vitu visivyofaa kutumiwa tena

Hapa ndipo mtahiniwa makini anapojitofautisha. Si kila kitu kikuukuu kinafaa kupewa kazi nyingine, na vingine huua.

*Vyombo vya viuatilifu.* Chupa au dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu au magugu lisiwekwe maji, maziwa wala mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi. Sumu hujipenyeza kwenye plastiki na hutoka kidogo kidogo.

*Chupa za vinywaji kuwekewa sumu.* Kosa hili ni kinyume cha lile la kwanza. Mafuta ya taa au dawa ya kuondoa madoa ikiwekwa kwenye chupa ya maji au soda, mtoto huiona ni kinywaji. Hajui kusoma, ila anaijua chupa.

*Matairi na makopo yanayoachwa wazi.* Maji ya mvua yakituama humo, mbu wanaoeneza dengue hutaga mayai. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Tairi linalotumiwa kama kiti au chungu cha maua litobolewe chini ili maji yatoke.

*Plastiki kuwa kiwashio cha mkaa.* Mfuko wa nailoni huwasha jiko haraka, lakini moshi wake una sumu, na anayeinama jikoni ndiye anayeuvuta.

Kabla ya kukipa kitu kazi mpya, jiulize maswali matatu:

1. Kilibeba nini kabla?
2. Kinachukua nafasi ya kitu gani ambacho ningekinunua?
3. Kikiisha kazi yake mpya, kitaishia wapi?

Swali la kwanza linalinda afya. La pili linaonyesha kama kweli kuna kinachookolewa. La tatu linakukumbusha kwamba kutumia tena huahirisha taka, na taka iliyoahirishwa bado inahitaji mahali pa kwenda.

5. Kutoka mfano hadi hoja

Linganisha aya hizi mbili.

*Aya dhaifu:* Kutumia tena vitu kunasaidia sana mazingira. Watu wanapaswa kutumia tena vitu ili mazingira yawe safi. Mazingira yakiwa safi, watu watakuwa na afya njema. Hivyo ni muhimu sana kutumia tena vitu.

*Aya imara:* Kutumia tena vitu kunalinda afya ya familia. Dumu la lita 5 lililokwisha mafuta linaweza kuwa kibuyu chirizi nje ya choo. Anayenawa hukanyaga kijiti, dumu likainama na maji yakachirizika, hivyo hagusi mahali alipogusa mwingine. Kwa njia hiyo dumu ambalo lingetupwa mferejini linasaidia kuzuia magonjwa ya kuhara.

Aya ya kwanza ina sentensi nne na wazo moja linalozunguka. Ya pili inatumia fomula rahisi ya kukumbuka: dai – kitu – jinsi – matokeo.

6. Insha ya mfano

KUTUMIA TENA SI UMASKINI

Mtu anayebeba begi lililoshonwa kwa viroba vya unga huchekwa njiani. Wapo wanaoamini kwamba mwenye uwezo hununua kipya, na asiye nao hubaki na kikuukuu. Insha hii inapinga imani hiyo. Itaonyesha kwamba kutumia tena vitu kunaokoa fedha, kunalinda afya, kunapunguza taka na kunaleta ajira, ingawa kuna vitu ambavyo havifai kutumiwa tena.

Kwanza, kutumia tena kunaokoa fedha za familia. Kapu kuukuu likitandikwa kanga zilizochakaa huhifadhi joto la sufuria. Wali ukishachemka huondolewa jikoni na kuwekwa humo, ukaendelea kuiva bila moto. Mkaa uliobaki hupika mlo unaofuata. Mtu anayepunguza matumizi ya mkaa kwa kapu alilokuwa nalo anajua kupanga bajeti, na mipango ndiyo humtoa mtu katika umaskini.

Pili, kutumia tena kunalinda afya. Dumu la mafuta ya kula likiisha hugeuzwa kibuyu chirizi na kutundikwa nje ya choo. Anayenawa hukanyaga kijiti bila kugusa dumu, kwa hiyo vimelea havihami kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nyumba yenye bomba la gharama kubwa lakini isiyo na mahali pa kunawia karibu na choo haina usalama huo.

Tatu, kutumia tena kunapunguza taka. Masika yanapofika, chupa na mifuko huziba mifereji, na maji yakikosa njia huingia majumbani mwa matajiri na maskini. Kwa kutambua madhara ya plastiki, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilikuwa imefanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017. Tangu hapo, kapu la ukili ambalo vijana waliliona la kizamani limerudi sokoni. Kama kutumia kapu lilelile kila siku ni umaskini, basi sheria hizo zimetuamuru sote tuwe maskini.

Nne, kutumia tena kunaleta ajira. Fundi katambuga huchukua tairi lililotupwa na kulifanya viatu. Fundi cherehani hugeuza gauni la mama kuwa sketi ya mtoto. Mafundi hawa wanakula kwa jasho lao kutokana na vitu ambavyo wengine wameviita takataka.

Hata hivyo, wanaopinga wana jambo la kusikilizwa. Wapo wanaotumia tena vitu kwa sababu hawana namna nyingine, na baadhi yao huumia. Anayechota maji ya kunywa kwa dumu lililokuwa na dawa ya mimea anahatarisha maisha yake. Huyo hafai kuigwa. Anahitaji kusaidiwa apate chombo salama. Tofauti kati ya akili na dhiki iko hapo: mwenye akili huuliza kwanza chombo kilibeba nini.

Kwa kuhitimisha, kutumia tena vitu kwa uangalifu ni dalili ya busara. Kunaokoa fedha, kunalinda afya, kunapunguza taka na kunalisha familia za mafundi. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Anayelitunza kapu lake kuukuu hana sababu ya kuliona haya.

7. Uchambuzi wa insha

- *Utangulizi* unaanza na tukio la mtaani, unataja kauli inayojadiliwa na kutangaza msimamo. Msahihishaji anajua mapema hoja zitakazokuja.
- *Kiini* kina hoja nne, kila moja katika aya yake. Maneno "Kwanza", "Pili", "Tatu" na "Nne" yanamwongoza msomaji.
- *Upande wa pili* umepewa aya yake. Neno "Jadili" linadai uupime upande usioukubali. Anayeuacha upande huo amejibu nusu ya swali.
- *Hitimisho* linarudia msimamo kwa ufupi, halileti hoja mpya, na linafunga kwa methali inayohusiana na mada.

8. Makosa ya kuepuka

1. Kuandika "kurejeleza" pale unapomaanisha "kutumia tena". Dumu la kibuyu chirizi halijarejelezwa.
2. Kubuni takwimu. "Asilimia 90 ya Watanzania hutupa taka ovyo" ni sentensi isiyo na msingi. Kama huna uhakika na namba, eleza jambo kwa mfano.
3. Kurundika methali. Moja iliyokaa mahali pake inatosha.
4. Kukosea upatanisho wa kisarufi: andika "madumu yaliyotumika", usiandike "madumu zilizotumika", "vitu vikuukuu", usiandike "vitu makuukuu".
5. Kusahau kichwa cha insha. Kiandike kwa herufi kubwa, kifupi na chenye msimamo.

9. Zoezi

1. Bainisha kama ni kupunguza, kutumia tena au kurejeleza:
 (a) Karatasi za zamani kupondwa na kutengenezwa trei za mayai.
 (b) Kanga kuukuu kuwa dekio.
 (c) Kwenda sokoni na kapu badala ya kuchukua mfuko.
 (d) Chupa za soda kurudishwa kiwandani na kujazwa tena.
2. Jirani yako amehifadhi mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Eleza hatari iliyopo na umshauri la kufanya. (Maneno 60)
3. Andika aya moja kuhusu bustani ya gunia kwa kufuata fomula ya dai – kitu – jinsi – matokeo.
4. "Vijana wa leo wanathamini vitu vipya kuliko vitu bora." Jadili kauli hii kwa maneno yasiyozidi 300.

Mwongozo wa majibu

1. (a) Kurejeleza, kwa kuwa karatasi zimepondwa zikawa malighafi. (b) Kutumia tena. (c) Kupunguza. (d) Kutumia tena, kwa kuwa chupa haikuyeyushwa.
2. Jibu litaje kwamba mtoto huitambua chupa kabla ya kuijua harufu wala maandishi. Ushauri: mafuta yawekwe kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, chenye kifuniko imara, kiandikwe na kuwekwa mbali na watoto. Lugha iwe ya heshima, kwa kuwa unamshauri mtu mzima. "Shikamoo, naomba nikushauri jambo" ni mwanzo mzuri kuliko "Unakosea".
3. Hakikisha umeeleza kazi ya nguzo ya mawe. Aya isiyoitaja haijaeleza *jinsi*.
4. Fafanua tofauti kati ya "kipya" na "bora" ndani ya utangulizi. Toa mifano ya kwako, na usisahau kuupima upande wa pili.

Kumbuka: kabla ya siku ya mtihani, zunguka nyumbani kwenu kwa dakika 10. Tafuta vitu vitatu vinavyofanya kazi ambayo havikununuliwa kuifanya, kisha andika kwa kila kimoja: kilibeba nini, kimechukua nafasi ya nini, kitaishia wapi. Utaingia chumba cha mtihani ukiwa na mifano mitatu ambayo hakuna mtahiniwa mwingine aliye nayo.